Kiapo kilichozaa wahaini: wafalme wa Uingereza, Wapuritani na Wakatoliki

Tarehe 30 Julai 1540 wanaume sita walitolewa katika Mnara wa London wakakokotwa hadi Smithfield, uwanja maarufu kwa soko la mifugo. Walikuwa wamefungwa wawili wawili juu ya vichaga vya fito vilivyoburutwa na farasi, na kila kichaga kilibeba Mkatoliki mmoja na Mprotestanti mmoja, ubavu kwa ubavu. Walipofika, Waprotestanti watatu, Robert Barnes na wenzake wawili, walichomwa moto kwa kosa la uzushi. Wakatoliki watatu, akiwamo Thomas Abel aliyewahi kuwa kasisi wa Malkia Catherine wa Aragon, walinyongwa na kukatwakatwa kwa kosa la uhaini. Wote sita waliuawa kwa niaba ya mfalme mmoja, Henry wa Nane, aliyekuwa amejitenga na Papa na kujifanya mkuu wa Kanisa la Uingereza.

Wengi wetu tulifundishwa historia ya Matengenezo ya Kanisa kama ugomvi wa mafundisho: neema na matendo, mkate na divai, toharani na msamaha. Ugomvi huo ulikuwepo kweli, na watu waliufia kwa moyo safi. Lakini siku ile ya Smithfield haielezeki kwa mafundisho peke yake. Mfalme aliyewachoma wafuasi wa Luther kwa kuiacha imani ya kale ndiye aliyewanyonga wafuasi wa Papa kwa kuing'ang'ania. Kilichowakutanisha wale sita juu ya vile vichaga ni kwamba kila mmoja alikuwa na mahali pa kukata rufaa juu ya kichwa cha mfalme, wengine kwa Papa, wengine kwa Maandiko. Ninavyoiona mimi, kwa muda wa miaka 150 watawala wa Uingereza waliifanya dini kuwa kipimo cha utii, wakatumia kiapo kama mizani yake, na kwa kufanya hivyo wakawatengeneza kwa mikono yao wenyewe maadui waliokuwa wakiwaogopa.

Ili kuona kwa nini walihangaika hivyo, litazame kanisa la kijijini la wakati ule. Hapakuwa na polisi, gazeti la kila siku wala ofisi ya serikali karibu na mkulima. Kulikuwa na kasisi. Yeye ndiye aliyesoma matangazo ya mfalme, aliyeandika tangu mwaka 1538 nani kabatizwa, nani kaoa na nani kazikwa, na aliyemwombea mfalme kwa jina kila Jumapili. Hata nembo ya ufalme ilitundikwa ndani ya makanisa, pale palipokuwa na sanamu ya Msalaba. Aliyeishika mimbari aliyashika masikio ya nchi. Kwa hiyo mtu aliyekataa kuingia kanisani, au aliyeingia akakataa kupiga magoti, alionekana mjini London kama mtu aliyeikataa serikali.

Elizabeth wa Kwanza alipotawazwa, watu wake walikuwa wamekwisha kugeuzwa huku na huku. Edward, mdogo wake, aliwapeleka kwa Waprotestanti. Mary, dada yake, akawarudisha Roma, na katika muda usiofika miaka minne watu karibu 280 walichomwa moto. Sheria za Elizabeth za mwaka 1559 zilikuwa nyepesi kwa kulinganisha: malkia ni Mtawala Mkuu wa Kanisa, kitabu cha sala ni kimoja, na asiyehudhuria ibada Jumapili atalipa faini ya peni 12. Hapo nampa haki yake. Alitaka mwili ukae kwenye benchi la kanisa, akaiacha roho na mwenyewe. Wakatoliki wengi walikwenda, wakakaa kimya, wakarudi nyumbani kusali rozari zao.

Mpango huo ungeweza kudumu. Aliyeuvunja kwanza hakuwa malkia. Mwaka 1570 Papa Pius wa Tano alitoa hati ya kumtenga Elizabeth na Kanisa, akatangaza kwamba hana haki ya kiti cha enzi na kwamba raia wake wamefunguliwa viapo vyao vya utii. Simwoni Papa huyu kama mtetezi wa Wakatoliki wa Uingereza. Aliwaweka kati ya nyundo na fuawe, yeye akiwa salama Roma. Kuanzia siku ile kila Mkatoliki, hata bibi kizee wa kijijini asiyejua Kilatini, aliweza kuulizwa: Papa akituma jeshi, utakuwa upande gani? Wachunguzi waliwauliza mapadre swali hilo hasa. Ukijibu upande wa Papa, umekiri uhaini. Ukinyamaza, umejitia hatiani.

Baada ya hapo sheria zikaja kwa mfululizo. Mwaka 1581 faini ya kutohudhuria ibada ilipanda hadi pauni 20 kwa mwezi, fedha inayozidi kipato cha mwaka mzima cha kibarua. Mwaka huo huo, tarehe 1 Desemba, padre Mjesuiti Edmund Campion alinyongwa Tyburn, mahali pa kunyongea watu London. Alikuwa amewaambia waliomhukumu kwamba kumhukumu yeye ni kuwahukumu mababu zao wote, na pale pale chini ya mti wa kunyongea alimwombea Elizabeth kama malkia wake. Mwaka 1585 likatungwa kosa jipya: padre aliyepewa daraja ng'ambo akikanyaga Uingereza ni mhaini, na anayempa hifadhi adhabu yake ni kifo.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfikia Margaret Clitherow, mke wa mchinja nyama katika mji wa York. Mumewe alikuwa Mprotestanti aliyekuwa akimlipia faini za kutokwenda kanisani. Nyumba yao ilipopekuliwa mwaka 1586, alishitakiwa kwa kuwahifadhi mapadre. Alikataa kujibu shitaka lolote, kwa sababu kesi ingewalazimisha watoto wake kutoa ushahidi dhidi ya mama yao. Adhabu ya mtu asiyejibu ilikuwa kulazwa chali, kuwekewa mlango juu ya kifua na kurundikiwa mizigo mpaka afe. Ndivyo alivyokufa tarehe 25 Machi. Nimejaribu kuitafuta hatari ambayo mwanamke huyu aliiletea dola ya Uingereza, na sijaiona.

Najua nitaambiwa hatari ilikuwepo. Ni kweli. Njama ya Ridolfi ya mwaka 1571 na ile ya Babington ya mwaka 1586 zilikuwa za kumwondoa Elizabeth na kumweka Mary, malkia wa Uskoti. Hispania ilituma kundi zima la meli za kivita mwaka 1588. Lakini mwaka huo wa 1588 ndio uliotoa jibu ambalo sheria zilikataa kulisikia: Wahispania walipotokea baharini, Wakatoliki wa Uingereza hawakuinuka kuwasaidia. Wengi walijiona Waingereza kwa utii na Wakatoliki kwa sala, na hawakuona mgongano. Mgongano uliandikwa na Papa, ukapigwa mhuri na Bunge.

Kwa upande wa Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali, kisa kinashangaza zaidi, kwa sababu wao walimpenda malkia. Walimwona kama aliyewaokoa na moto wa Mary. Walichodai ni kwamba kazi haijaisha: Kanisa lisafishwe mabaki ya Roma, kama kanzu nyeupe ya kasisi, ishara ya msalaba wakati wa ubatizo, pete ya ndoa na kupiga magoti wakati wa kupokea Ushirika. Msomaji wa leo anaweza kuyaona haya madogo. Kwao, mtu aliyeshuhudia jirani akichomwa na watu waliovaa mavazi yale asingeweza kuyavaa kwa amani. Mwaka 1566 makasisi 37 wa London walisimamishwa kazi kwa kukataa kanzu hiyo.

John Stubbs alikuwa mwanasheria Mpuritani. Mwaka 1579 aliandika kijitabu kupinga Elizabeth kuolewa na mdogo wa mfalme wa Ufaransa, Mkatoliki. Malkia alikasirika mno. Sheria iliyotumika kumhukumu ilikuwa imetungwa wakati wa Mary, kumlinda Philip, mume wake Mhispania, na maandishi ya uchochezi. Baadhi ya wanasheria walisema wazi kwamba sheria hiyo haikuwa hai tena. Haikusaidia. Tarehe 3 Novemba kule Westminster mkono wa kulia wa Stubbs uliwekwa juu ya gogo, ukakatwa kwa kisu cha mchinja nyama kilichogongwa kwa nyundo. Stubbs alivua kofia kwa mkono wa kushoto, akapaza sauti kumwombea malkia maisha marefu, kisha akazimia. Sheria ya malkia Mkatoliki, ikitumiwa na malkia Mprotestanti, ilimkata mkono mtu mtiifu kuliko wengi waliomzunguka. Sheria za aina hiyo hazimjui aliyezitunga.

Askofu Mkuu John Whitgift, aliyeshika kiti cha Canterbury mwaka 1583, akaongeza kiapo cha aina yake. Kasisi aliyeshukiwa kuwa Mpuritani aliitwa mbele ya tume, akatakiwa kuapa kwa Mungu kwamba atajibu kweli maswali yote, kabla hajaambiwa shitaka ni lipi. Mtu anayeiheshimu Amri ya Mungu hawezi kuapa uongo. Akiapa kweli anajisaliti yeye na ndugu zake, na akikataa anafungwa. Hata Lord Burghley, waziri mkubwa kuliko wote wa Elizabeth, alimwandikia Whitgift kwamba maswali yake yanazidi yale ya wachunguzi wa dini wa Hispania. Kwenye kiapo hicho ndiko kulikoanzia upinzani uliotupa haki ya mshitakiwa kunyamaza, haki iliyomo leo katika katiba ya Kenya na ya nchi nyingine nyingi. Tunawiwa na wale watu wagumu waliokaa gerezani wakikataa kufungua midomo.

James wa Kwanza alipoingia mwaka 1603, pande zote mbili zilimtarajia. Wakatoliki walikumbuka kwamba mama yake alikuwa wao. Wapuritani walikumbuka kwamba alilelewa na Wapresbiteri wa Uskoti. Wote walivunjika moyo. Katika mkutano wa Hampton Court, Januari 1604, aliwaambia Wapuritani maneno manne ambayo yalitosha: hakuna askofu, hakuna mfalme. Aliona mbali. Kanisa linaloendeshwa na wazee waliochaguliwa linafundisha watu kwamba mamlaka inaweza kutoka chini.

Halafu ikaja usiku wa Novemba 1605, Guy Fawkes alipokamatwa chini ya Bunge la Malodi na mapipa 36 ya baruti. Kundi la Wakatoliki la Robert Catesby, aliyeongoza njama hiyo, lilikuwa dogo, watu waliokata tamaa baada ya faini za miaka. Hasira ya nchi naielewa, na kosa lao silitetei. Lakini kiapo kilichofuata mwaka 1606 nakisoma kama nafasi iliyotupwa. James angeweza kuwataka Wakatoliki waape kwamba watamtii na kumlinda, basi. Wengi wangeapa. Badala yake kiapo kiliwataka watamke kwamba fundisho la Papa kuweza kumwondoa mfalme ni la kikafiri na la kizushi. Neno hilo moja, la kizushi, liliuhamisha utii wa raia likaupeleka kwenye hukumu ya teolojia. Papa Paulo wa Tano akakataza kiapo. George Blackwell, mkuu wa mapadre wa Uingereza, alikila na kuwashauri wenzake wakile. Roma ikamvua cheo, na serikali ikaendelea kumweka kifungoni mpaka alipokufa. Hivyo ndivyo alivyolipwa mtu aliyejaribu kuwa mwaminifu kwa wote wawili.

Charles wa Kwanza hakuwa na hekima ya baba yake. Alioa Henrietta Maria, Mkatoliki kutoka Ufaransa, na mwaka 1633 akampa William Laud uaskofu mkuu. Laud alipenda utaratibu na uzuri wa ibada. Aliamuru meza ya Ushirika isogezwe ukutani, upande wa mashariki, izungushiwe wigo, watu wapige magoti mbele yake. Kwa Wapuritani hiyo ilikuwa altare ya Misa ikirudi kwa mlango wa nyuma.

Tarehe 30 Juni 1637 wanaume watatu walisimamishwa Westminster, vichwa na mikono ikiwa imebanwa kwenye mbao: wakili William Prynne, daktari John Bastwick na kasisi Henry Burton. Kosa lao ni maandishi dhidi ya maaskofu. Prynne alikuwa amekatwa masikio miaka mitatu kabla. Safari hii walikata vipande vilivyobaki na kumpiga chapa ya moto mashavuni, herufi S na L, maana yake mchochezi mwenye kukashifu. Mke wa Bastwick alipanda jukwaani, akambusu mumewe, akayapokea masikio yake katika leso safi. Umati ulilia. Laud alitaka watu waone aibu ya waasi, wao wakaona mashahidi wa imani, na wanaume watatu wa kazi za heshima, wenye elimu, wakawa alama ya kila aliyekuwa na donge na serikali.

Wiki tatu baadaye Charles alijaribu kuwalazimisha Waskoti wasome kitabu kipya cha sala, fujo zikalipuka katika kanisa la St Giles mjini Edinburgh, na mwaka 1638 Waskoti wakaandika agano lao wenyewe na kulitia saini kwa maelfu. Vita ikafuata. Vita ilihitaji fedha, fedha ilihitaji Bunge, na Bunge la mwaka 1640 likawafungulia Prynne na wenzake magereza.

Prynne ndiye mtu ninayemrudia kila ninapoifikiria habari hii. Mwaka 1643 alitumwa kupekua chumba cha Laud, aliyekuwa sasa mfungwa katika Mnara wa London. Alichukua shajara ya mzee huyo pamoja na karatasi alizokuwa akiandalia utetezi wake, kisha akasimamia mashitaka. Laud alikatwa kichwa tarehe 10 Januari 1645, akiwa na umri wa miaka 71. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini Desemba 1648, jeshi lilipotaka kumshitaki mfalme, Prynne alikuwa miongoni mwa wabunge waliozuiwa mlangoni na kukamatwa kwa sababu walitaka mapatano na Charles. Mtu asiye na masikio, mwenye chapa ya mfalme usoni, alikuwa bado upande wa kuwa na mfalme. Huyo ndiye mhaini waliyemtesa.

Sikubaliani na simulizi linalowafanya Wapuritani kuwa baba wa uhuru wa dini. Walipopata nguvu walitunga kiapo chao. Agano la mwaka 1643 kati yao na Waskoti lilidai kung'olewa kwa Ukatoliki na utawala wa maaskofu, na kuanzia mwaka 1644 kila mwanamume aliyezidi miaka 18 alitakiwa kulitia saini. Makasisi waliokataa walipoteza makanisa. Kitabu cha sala kilipigwa marufuku, na Krismasi nayo ikafutwa. Kule Ireland, Septemba 1649, Oliver Cromwell, jemadari wa jeshi la Bunge, aliuteka mji wa Drogheda, maelfu wakauawa, mapadre wakiwamo, na akaandika kwamba hiyo ni hukumu ya haki ya Mungu. Ng'ambo ya Atlantiki, Wapuritani waliokimbia mkono wa Laud walimfukuza Roger Williams kwa kusema dola haina mamlaka juu ya dhamiri, na tarehe 1 Juni 1660 wakamnyonga Mary Dyer mjini Boston kwa sababu alikuwa Mkweka, mfuasi wa madhehebu ya Marafiki, aliyekataa kukaa mbali.

Charles wa Kwanza alikuwa amekatwa kichwa mwaka 1649 na ufalme kufutwa. Ufalme uliporudi mwaka 1660, gurudumu likazunguka tena. Sheria ya mwaka 1662 iliwataka makasisi walikane lile Agano la 1643, na wapatao 2,000 walipoteza nafasi zao katika miaka ile. Mwaka 1673 kila mwenye cheo serikalini akatakiwa kupokea Ushirika wa Kanisa la Uingereza na kulikana fundisho la mkate kugeuka mwili. Mwaka 1678 mwongo mmoja, Titus Oates, alibuni njama ya Wakatoliki ya kumuua mfalme, na watu wasio na hatia wakanyongwa kwa maneno yake.

Kisha James wa Pili, Mkatoliki, akatangaza uhuru wa ibada kwa amri yake mwenyewe, akaamuru usomwe makanisani. Maaskofu saba, wakiongozwa na William Sancroft, walikataa, wakashitakiwa, wakaachiwa huru tarehe 30 Juni 1688 huku London ikishangilia. Miezi michache baadaye James alikimbia, na William wa Orange, mkwewe Mprotestanti kutoka Uholanzi, akachukua kiti. Hapo Sancroft akatakiwa kuapa utii kwa mfalme mpya. Akasema hawezi, kwa kuwa alikwisha kumwapia James. Wengine wanne kati ya wale saba walikataa vivyo hivyo, pamoja na makasisi wapatao 400, wakaondolewa kazini. Kwao kiapo kilikuwa kiapo, na watu wa namna hiyo ndio waliosukumwa nje kila mara, kwa sababu anayeapa bila kujali hakuna kiapo kinachomzuia.

Ugomvi huu haukubaki kwao. Huku kwetu ulifika na wamisionari. Mwaka 1892 pale Mengo, Buganda, Wakatoliki walioitwa Wafaransa na Waprotestanti walioitwa Waingereza walipigana kwa bunduki, na baada ya hapo uchifu na majimbo yakagawanywa kwa dini, Wakatoliki wakipewa Buddu. Na mwaka 1913, baada ya mkutano wa Kikuyu ambako Waanglikana walishiriki Meza ya Bwana na Wapresbiteri na Wamethodisti, Frank Weston, askofu wa Zanzibar, aliwashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Swali lilikuwa lile lile la Hampton Court: bila askofu, kuna Kanisa?

Sheria ya mwaka 1689 iliwaruhusu Waprotestanti waliotengana na Kanisa la Uingereza kusali katika nyumba zao za ibada, mradi waape utii. Wakatoliki hawakumo. Walingoja hadi mwaka 1829 ndipo wakaruhusiwa kukaa bungeni. Sheria ya mwaka 1701 bado inamzuia Mkatoliki kurithi kiti cha enzi; marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2015 yalimruhusu mrithi kuoa au kuolewa na Mkatoliki, si kuwa Mkatoliki. Mkulima wa Yorkshire haulizwi tena na mtu yeyote anaamini nini kuhusu mkate na divai. Anayeulizwa ni mfalme: tarehe 6 Mei 2023, mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury, Charles wa Tatu alitamka kwa kiapo kwamba yeye ni Mprotestanti mwaminifu.